Kusoma jenomu ya bakteria wa ziwani ukiwa Mwanza, kuanzia ndoo ya maji mpaka jeni za usugu

Watu wakinifata kuhusu kusoma jenomu za bakteria, yaani DNA yao yote herufi kwa herufi, swali la kwanza huwa ni mashine. Mashine gani, bei gani, inapatikana wapi. Mi nawaambia mashine ni kitu cha mwisho kukuumiza kichwa. Kitakachokuumiza ni ndoo ya maji uliyochota Igombe saa tatu asubuhi ukaifunga kwenye bodaboda ikapigwa jua mpaka saa tisa, ni pleti uliyoona koloni mbili, vile vidoa vya bakteria walioota, zinafanana ukasema ah hizi kitu kimoja, na ni daftari ambalo hujaandika kwamba huyo sato alishalishwa dawa wiki mbili kabla hujafika. Mashine inasoma chochote unachoiwekea. Ukiiwekea uchafu itakusomea uchafu, tena vizuri tu.

Kwa hiyo hapa naandika kama ninavyowaelekeza vijana wanaokuja maabara, na ukiona sehemu nimekaa sana jua ndipo nilipoungua.

Kwanza, unamtafuta nani?

Ukisoma makala nyingi za bakteria wa majini utakuta zinaongelea bahari. Vibrio parahaemolyticus, Vibrio vulnificus, hao ni watu wa chumvi. Sasa ziwa letu ni maji baridi, mtu anachota maji Kirumba anaweka kwenye pleti anamsubiri parahaemolyticus, atasubiri sana. Huyo anataka chumvi ndio aote, kama ndiye shida yako panda basi nenda Tanga au Dar, au vuka Zanzibar, ukatafute kwenye chaza na kamba wa kule. Huku kwetu wanaokuhusu zaidi ni wawili: Aeromonas, ambaye yupo kila mahali ziwani na anaua samaki na mtu mwenye kidonda pia anaweza kumsumbua, halafu Vibrio cholerae, yule wa kipindupindu, ambaye kwa familia yao yeye ni wa ajabu kidogo maana anavumilia maji yenye chumvi ndogo sana.

Jua jenomu zao kabla hujaanza, itakusaidia baadaye kugundua kama umeharibu. Vibrio cholerae ana kromosomu mbili, sio moja kama bakteria wengi, kubwa ina bezi, yaani herufi za DNA, kama milioni 2.96 na ndogo kama milioni 1.07, jumla milioni 4 hivi. Hiyo ilijulikana kamili mwaka 2000 aina ya El Tor N16961 iliposomwa yote. Aeromonas hydrophila ana kromosomu moja ya kama milioni 4.7. Andika hizi namba ukutani, sitanii.

Halafu swali lako liwe dogo. "Nataka kujua usugu ziwani", yaani bakteria kutouliwa na dawa, sio swali. "Aeromonas wanaoua sato kwenye hivi vizimba vya kufugia samaki wana jeni gani za usugu dhidi ya dawa ambazo mwenye vizimba anatumia" hilo ni swali, na unaona lenyewe linakwambia uchukue sampuli wapi na ujaribu dawa zipi.

Sampuli

Kama ni samaki, chukua anayekufa, usichukue aliyekufa. Hii narudia kila mara na bado watu wananiletea sato kavimba tumbo ananuka. Samaki akishaelea masaa kadhaa kwenye maji ya joto la huku, bakteria wa utumbo wanakuwa wameshatapakaa mwili mzima, utakachootesha sio kilichomuua bali kilichokuja kwenye msiba. Tafuta yule anayeogelea upande upande, anakuja juu kuhema, ana vidonda au wekundu chini ya tumbo na kwenye mapezi, jicho limetoka nje.

Mfute kwa spiriti, chana kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, toa utumbo taratibu usiutoboe. Sasa ukiangalia juu kabisa, pale chini ya uti wa mgongo, utaona kitu kama utepe wa rangi nyekundu iliyoiva, laini kama tope. Hiyo ndio figo. Watu wanaoparua samaki kila siku Kirumba wanaikwangua kwa kidole bila kujua inaitwaje. Ingiza lupu (kile kijiti chenye kitanzi) au swabu safi hapo. Figo ya kichwani ndio sehemu nzuri kuliko zote maana bakteria akiwa hapo maana yake kaingia kwenye damu, sio yule wa kupita kwenye ngozi tu. Matamvua chukua ukitaka, ila jua matamvua yana kila mtu.

Kama ni maji, chupa safi ya lita moja, unaifungua chini ya maji sentimita 20 au 30 hivi, usikwangue povu la juu wala tope la chini. Fanyia kwenye mtumbwi kama unaweza. Usivue viatu ukaingia kwenye matete, konokono wa kichocho wanakaa humohumo na mi sijawahi kuona thesis iliyostahili kichocho. Glavu vaa hata kama wavuvi wanakucheka, Aeromonas anapenda sana mkono wenye mkwaruzo.

Kuhusu barafu, weka kwenye kibaridi ila isigusane moja kwa moja na chupa, Vibrio hapendi baridi kali, anaweza kuwa hai lakini akagoma kuota kwenye pleti. Kama maabara iko mbali, mfano uko Ukerewe na boti ni kesho, tumia swabu ya Cary-Blair, inayokaa ndani ya tyubu ya kusafirishia, hiyo haihitaji barafu kabisa, unaiweka tu kivulini.

Daftari: tarehe, saa, GPS, joto la maji, pH, namba ya kizimba, wangapi wamekufa, chakula gani, na dawa gani zimetumika. Hilo la dawa uliza kwa upole. Ukimuuliza mzee wa vizimba "unatumia antibayotiki?" kama askari atakwambia hapana. Ukimsalimia vizuri, mkakaa, ukamuuliza "mzee wangu walipoanza kufa uliwapa nini?" atakutajia mpaka rangi ya pakiti.

Na vibali. Utafiti wenye sampuli za watu una njia yake ya maadili kupitia NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, mgeni kutoka nje kuna COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kama bakteria au DNA itatoka nje ya nchi kuna mkataba wa kuhamisha sampuli unasainiwa kabla haijatoka. Anza hayo miezi kabla, sio wiki kabla.

Kuotesha, na hapa ndipo watu wanapofeli

Kwa Vibrio cholerae weka maji au swabu kwenye maji ya peptoni ya alkali, pH 8.6, chumvi asilimia 1, nyuzi 37, masaa 6 mpaka 8. Usiache mpaka kesho maana wengine wanamfikia. Yeye anapenda hewa kwa hiyo anapanda juu, chovya lupu pale juu kabisa kwenye utando usitikise tyubu. Paka kwenye TCBS, agari (ile jeli ya kuoteshea) inayowachagua Vibrio. Na TCBS haiingii otoklevu, ile sufuria ya mvuke wa presha, unachemsha tu ikayeyuka basi, nimeona mtu anaichoma otoklevu nzima ya lita mbili, pesa ya watu.

Cholerae anatoka manjano kwa sababu anachachusha sukari ya sukrosi, parahaemolyticus anatoka kijani. Ila sikiliza, manjano kwenye TCBS sio cheti cha kipindupindu. Aeromonas wengine nao wanaota humo na wanatoka manjano vilevile. Chukua koloni hamishia kwenye agari ya kawaida isiyo na vikwazo, ndipo ufanye oksidezi, kipimo cha kimeng'enya kinachogeuka zambarau kikiwa chanya, usifanye oksidezi moja kwa moja kutoka TCBS utadanganywa. Tumia kijiti cha mbao au lupu ya plastiki, ile ya waya inaweza kukupa zambarau ya uongo. Wote wawili oksidezi watakuwa chanya, kwa hiyo endelea na vipimo vingine kuwatofautisha, na kwa Vibrio antisera ya O1 (kundi lenye wale wa milipuko) inakupa jibu siku hiyohiyo kabla hata hujawaza jenomu.

Kama unamtaka Aeromonas tumia agari yenye ampisilini, kwa kuwa yeye ampisilini haimsumbui kwa asili. Kumbuka hiyo sentensi, tutairudia.

Halafu safisha. Koloni moja, paka pleti mpya, kesho koloni moja, paka tena, kesho kutwa tena. Mara tatu. Nakwambia kilichonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilisafisha mara moja tu, pleti nzuri, koloni zote manjano zinang'aa kama siagi, nikatoa DNA, ikasomwa, nikaunganisha vipande, jenomu ikaja bezi milioni 8.8. Nikafurahi! Nikasema nimegundua Vibrio mkubwa. Dada mmoja aliyenitangulia akaangalia kioo cha laptopu yangu sekunde tano akasema, milioni 4 jumlisha milioni 4.8 ni ngapi? Kumbe nilikuwa na Vibrio na Aeromonas wamelala kitanda kimoja. Flo seli, ile chipu ya mashine inayosoma DNA, imeliwa, kemikali zimeliwa, na swali la kwanza alilouliza bosi lilikuwa hizo pesa.

Ukishakuwa na koloni safi hifadhi kwenye glisero asilimia 20, tyubu mbili, friza ya minus 80, mbili tofauti kama zipo. Lebo ichapwe au tumia kalamu ambayo spiriti haifuti, jaribu kwanza kuifuta uone.

Disiki kabla ya DNA

Disiki ni vidonge vya karatasi vyenye dawa, unaviweka juu ya bakteria uone dawa inawazuia umbali gani. Hapa naomba mnisikilize maana vijana wanaruka. Wanasema jenomu itaniambia usugu, disiki za nini. Jenomu inakwambia silaha iliyopo ghalani, disiki inakwambia kama inafyatuka. Unahitaji vyote viwili.

Agari ya Mueller-Hinton, unene milimita 4, bakteria wachanganywe mpaka ukungu ufike nusu McFarland (kipimo cha ukungu wa bakteria), pakaa kwa swabu pande tatu, weka disiki, inkubeta, pima duara kesho yake. Kila siku unapopima weka na E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia, pembeni, duara zake zikitoka nje ya kiwango basi siku hiyo yote tupa, usibembeleze. Mipaka ya duara, inayosema huyu sugu huyu sio sugu, kwa Vibrio na Aeromonas iko kwenye kitabu cha CLSI, shirika la viwango vya maabara, kinachoitwa M45, usichukue mipaka ya E. coli ukawapimia hawa. Na kwa bakteria wa samaki kuna utaratibu wake wa joto la chini zaidi, amua mapema uandike umetumia upi.

Duara ikiwa milimita 6 maana yake hakuna duara, hicho ni kidonge chenyewe unapima.

Kutoa DNA

Hawa ni gramu hasi, wale wenye ukuta mwembamba, wanapasuka kirahisi, boksi lolote la kawaida la kutolea DNA linatosha (wenyewe wanaliita kiti, na mwezi wa kwanza nilikuwa nacheka kila mtu akisema "leta kiti"). Shida ni kwamba Vibrio na Aeromonas wanatema vimeng'enya vinavyokata DNA. Ukivuna seli usiziache mezani ukaenda kunywa chai, weka kwenye bafa ya kupasulia yenye proteinezi K fasta, joto lake, hakuna kuchelewa. Tumia kuota kwa usiku mmoja, sio pleti iliyokaa siku nne kwenye friji.

Kama unaenda kusoma vipande virefu usitikise kwa nguvu, pindua tyubu taratibu kama unambembeleza mtoto, kata ncha ya tipu ya pipeti iwe pana. Kuchemsha bakteria kwenye maji ukasema umetoa DNA, hiyo ni ya PCR, kunakili kipande kidogo cha DNA, huku haifai.

Pima kiasi cha DNA kwa Qubit. NanoDrop itumie kuangalia usafi tu, 260/280 iwe 1.8 mpaka 2.0 na 260/230 iwe karibu na 2 kwenda juu, kiasi chake usikiamini maana inahesabu na RNA na takataka nyingine, inakwambia 200 kumbe una 40. Weka RNezi, kimeng'enya cha kukata RNA. Pitisha kidogo kwenye jeli, ukiona mstari mmoja juu sawa, ukiona moshi mrefu wa kushuka chini, rudia.

Mashine sasa

Njia mbili. Ya kwanza unatuma kwenye maabara yenye Illumina, vipande vifupi vya bezi 150 pande mbili, usahihi mkubwa, nzuri sana ukitaka kulinganisha tofauti ndogondogo kati ya bakteria wa mlipuko mmoja. Ubaya wake jenomu inarudi vipandevipande, hujui jeni ya usugu imekaa kwenye kromosomu au kwenye plasmidi, kile kiduara kidogo cha DNA kinachoweza kuhamia kwa bakteria mwingine. Ya pili ni MinION ya Oxford Nanopore, hiyo ndogo inaingia mfuko wa shati, unaichomeka kwenye laptopu, inasoma vipande virefu kwa hiyo plasmidi inatoka mzima imezunguka. Mi kwa swali la usugu ziwani naenda na nanopore, flo seli za R10.4.1, usahihi wake sasa hivi unatosha kwa kazi hii. Mwenye pesa afanye zote mbili.

Hesabu kabla. Jenomu ya milioni 4.7, unataka kila sehemu isomwe mara 60, hiyo ni bezi milioni 282 kwa sampuli. Sampuli 12 ni kama bilioni 3.4. Flo seli nzima yenye afya inatoa zaidi ya hapo, kwa hiyo usiifungue kwa sampuli mbili, kusanya 12 au 24, kila moja ipe bakodi yake, kipande cha DNA cha kuitambulisha, na kwenye hizo weka moja ya maji matupu na moja ya bakteria ambaye jenomu yake inajulikana. Ile ya maji ikirudi na Aeromonas unajua una tatizo na tatizo linaitwa wewe.

Flo seli ni kama maziwa, inakaa friji na ina tarehe. Mzigo wangu mmoja ulikaa njiani siku nne wikendi nzima na pakiti za barafu zikawa maji ya uvuguvugu, kufika naangalia tundu hai, vile vijitundu vinavyosoma DNA, hazifiki 300. Angalia tundu siku ileile inapofika, MinION mpya inatakiwa ziwe 800 kwenda juu, zikipungua unawaandikia waliokuuzia ndani ya muda wao, sio miezi mitatu baadaye ndio unakumbuka. Na agiza ifike Jumanne.

Umeme. Laptopu betri nzima, UPS, jenereta mtu wa kuiwasha awe anajua kuiwasha. Zima usingizi wa laptopu, zima apdeti, nimeshaona Windows inajizima saa nane usiku kujisasisha katikati ya kusoma. Kugeuza mawimbi kuwa herufi tumia Dorado, hiyo inataka kadi ya picha yenye nguvu, kama huna soma kwanza hifadhi mafaili ghafi kwenye diski ya nje halafu geuza baadaye kwenye kompyuta ya mwenzio. Mafaili ni makubwa, usiwaze kuyapandisha kwa bando la simu.

Kwenye kompyuta

Huna seva? Fungua akaunti ya bure Galaxy, programu karibu zote nitakazotaja zipo humo unabonyeza tu. Ukiwa na Linux yako basi mteremko.

Chuja kwa Filtlong (nanopore) au fastp (Illumina), kisha unganisha vipande. Nanopore ni Flye:

flye --nano-hq sampuli07.fastq --out-dir sampuli07_flye

Illumina ni SPAdes. Baada ya hapo usikimbilie jeni. Kaa. Rudi kwenye zile namba za ukutani. Jenomu ina ukubwa gani? Vibrio yako imetoka duara mbili? Pitisha CheckM, inayokadiria jenomu imekamilika na kuchanganyika kiasi gani, ukamilifu uwe juu ya asilimia 95 na uchafu chini ya 5, ile yangu ya milioni 8.8 uchafu ulikuwa juu ya asilimia 90, ingenipigia kelele kama ningeiuliza. Pitisha Kraken2 uone majina.

Spishi hakikisha kwa ANI, wastani wa kufanana kwa DNA, asilimia 95 kwenda juu dhidi ya aina rasmi ya spishi. Usitegemee 16S, jeni moja inayotumika sana kutaja bakteria, kwa Aeromonas, ndugu zake wanafanana mno kwenye hiyo jeni, kuna "hydrophila" wengi kwenye makaratasi ya zamani ambao ukiwasoma vizuri ni spishi nyingine kabisa.

Ukali. Hapa ni jeni zinazomwezesha kumdhuru mtu au samaki, tumia ABRicate na database ya VFDB:

abricate --db vfdb sampuli07.fasta

Kwa cholerae unachotafuta kwanza ni ctxA na ctxB, sumu yenyewe ya kipindupindu, ambazo hazikuwa zake, alizipata kutoka kwenye virusi vya bakteria vinavyoitwa CTX, jambo lililojulikana mwaka 1996. Halafu tcpA, vinywele anavyoshikia utumbo, na ndivyo hivyohivyo virusi vinavyopitia kuingia ndani yake. Halafu jeni za O1. Wengi wa ziwani hawana ctx wala tcp. Lakini watakuwa na hlyA, toxR, rtxA, na kijana ataniandikia "nimepata Vibrio hatari mwenye jeni za ukali 40". Hapana. Hizo karibu kila cholerae anazo, ni kama kusema umekamata jambazi ana mikono miwili. Ila ukikuta ctxA na O1 pamoja kwenye maji wanayokunywa watu hiyo sio thesis tena, mpigie mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo. Halafu ndio uingize jenomu kwenye Vibriowatch, itakwambia kama ni wa ule ukoo wa janga la saba la kipindupindu, lililoanza 1961 Indonesia na kufika Afrika 1970, na tawi gani.

Kwa Aeromonas angalia aerA, act, alt, ast, na mfumo wa sindano wa aina ya tatu, ule wa kuchoma sumu ndani ya seli za samaki au mtu. Aliyebeba mfumo mzima wa sindano na alitoka kwenye figo ananivutia kuliko mwenye aerA peke yake aliyetoka kwenye maji.

Usugu. AMRFinderPlus naipenda kwa sababu inaangalia na mabadiliko ya herufi, sio jeni tu:

amrfinder -n sampuli07.fasta -O Vibrio_cholerae --plus

Hiyo -O kwa cholerae usiisahau, ndiyo inakuonyesha gyrA 83 na parC 85, mabadiliko yanayofanya siprofloksasini idunde. Linganisha na ResFinder au CARD.

Sasa kusoma majibu, na hapa ndipo ninapotaka ukae. Jeni gawa mafungu. Fungu la kwanza ni za kuzaliwa nazo. Aeromonas wengi wana cphA, inayokata dawa za kundi la karbapenemu, pamoja na jamaa wengine wa OXA na ampC, na ndio maana ampisilini haimsumbui. Mi nilipoona cphA mara ya kwanza nilimtumia bosi meseji saa sita usiku, "tuna karbapenemezi Ziwa Victoria". Akajibu asubuhi: soma spishi yako kwanza. Na kitu cha ajabu, disiki ya imipenemu, mojawapo ya hizo karbapenemu, ilikuwa na duara zuri tu, cphA inajificha kwenye disiki, kwa hiyo usiandike pia kwamba dawa hiyo ni salama kwa mgonjwa. Cholerae naye ana catB9, jeni inayohusishwa na usugu wa kloramfenikoli, utaiona sana, na akiwa na hiyo peke yake dawa hiyo inamuua vizuri tu.

Fungu la pili ni za kuokota njiani: tet(A), floR, sul1, sul2, dfrA, qnr, blaCTX-M. Hizi ndizo habari. Uliza imekaa wapi. Pitisha MOB-suite, angalia kipande chenye hiyo jeni ni duara la plasmidi au kiko kwenye kromosomu. Kwa cholerae sul2, floR na strA zikiwa pamoja mara nyingi zimepanda gari moja linaloitwa SXT, linaingia kwenye kromosomu pale prfC na lina uwezo wa kuhama kwenda kwa bakteria mwingine. Plasmidi ya tet(A) kwenye Aeromonas wa kizimba na plasmidi inayofanana nayo kwenye bakteria wa mto Mirongo unaopita katikati ya mji, hiyo ni stori kubwa kuliko orodha ya jeni 60.

Halafu chukua karatasi, upande mmoja jeni, upande wa pili milimita za disiki. Zikilingana sawa. Jeni ipo disiki inasema dawa inaua? Fungua jeni uone kama imekatika katikati. Jeni haipo disiki inasema sugu? Inaweza kuwa pampu, au tundu la ukuta limeziba, au ulikosea disiki, rudia disiki kwanza kabla hujatangaza jeni mpya duniani.

Mti wa ukoo chora mwisho, Snippy halafu IQ-TREE, na wakiwa wachache sana usichore kabisa, weka jedwali la tofauti tu. Pandisha data ghafi kwenye hazina za wazi za NCBI au ENA pamoja na tarehe na sehemu, jenomu isiyojulikana imetoka wapi haina kazi kwa mtu mwingine.

Na majibu yarudi kwa mwenye samaki. Mzee mmoja wa vizimba huku kwetu nilimpelekea karatasi moja tu, sio ripoti. Nikamwambia mzee, ile dawa ya pakiti ya njano, tetrasaiklini, tumeipima duara limetoka 6, maana yake unawapa hao bakteria kachumbari. Akaangalia ile picha ya pleti muda mrefu. Akauliza hao wadudu walijifunzia wapi kuikataa, kwangu au walikuja wameshajua? Sikuwa na jibu, maana sampuli zote nilichukua ndani ya vizimba vyake, hata chupa moja ya nje sikuchota. Jumamosi yake tukapanda mtumbwi wake, chupa nne za lita moja, mbili mita mia mbili kabla ya vizimba na mbili baada, na safari hii daftari alishika yeye.